Ushahidi wa Sikio la Samaki, na Mawe ya Mahenge ya Singida

Katika masoko ya Singida, kama ilivyo katika masoko mengi ya bara, dagaa huletwa kutoka pande mbili. Wako dagaa wa Mwanza, wavuliwao katika Ziwa Viktoria, na wako dagaa wa Kigoma, wavuliwao katika Ziwa Tanganyika. Wote ni wadogo, wote hung'aa kama fedha wakiwa wabichi, wote huanikwa juani, na wote hupimwa kwa kopo. Mnunuzi huwatambua kwa bei na kwa ladha, walakini jina lao ni moja. Ukiuliza kama samaki hawa ni ndugu, wengi watakujibu ya kuwa ni ndugu, maana sura yao ni moja na kimo chao ni kimoja.

Sisi tufundishao habari za kale tumezoea kuwaonya wanafunzi wetu ya kwamba jina peke yake si ushahidi, wala sura peke yake si ushahidi. Koo mbili zaweza kuitwa kwa jina moja nazo hazina babu mmoja. Na ndugu wa tumbo moja waweza kukulia mbali hata wakikutana wasijuane. Kwa hiyo mwenye kutafuta ukweli hutafuta alama ambayo haikuwekwa na mtu, wala haifutiki kwa jua au kwa njaa. Kwa upande wa samaki, mojawapo ya alama hizo imefichwa ndani ya sikio. Twataka kueleza hapa jinsi wenye elimu walivyoijua alama hiyo, jinsi inavyowatenga samaki wanaofanana, na jinsi habari za koo za samaki zilivyofika hata kwenye mawe ya Mahenge, katika mkoa wetu wa Singida.

Kwanza yatupasa kusema ya kwamba samaki ana sikio. Hana tundu la nje kama letu, wala hana ukingo wa nyama kichwani. Lakini ndani ya fuvu, nyuma ya macho, kila upande kuna vifuko vitatu vyenye maji, na katika kila kifuko mna jiwe dogo jeupe la namna ya chokaa. Basi samaki ana mawe sita kichwani mwake. Mawe hayo humsaidia kusikia, na humjulisha kama amekaa sawa au ameinama. Habari zake si mpya. Aristotle, mwanafalsafa wa Wayunani aliyeishi zaidi ya miaka 2,300 iliyopita, aliandika ya kwamba wako samaki wenye jiwe kichwani, akadhani ya kuwa samaki hao ndio wanaoumizwa zaidi na baridi. Jiwe aliliona, ila kazi yake hakuijua.

Mambo matatu hulifanya jiwe la sikio kuwa shahidi mwema. La kwanza, umbo lake hutofautiana kwa kila jamii ya samaki: jingine ni bapa kama mbegu ya boga, jingine ni la mviringo, jingine ni jembamba kama mwiba. La pili, hukua kila siku samaki anapokua, tabaka juu ya tabaka, nalo halipungui hata samaki akishikwa na njaa. La tatu, ni gumu kuliko nyama, hata huweza kubaki ndani ya mwamba wakati mwili wote umekwisha kuoza. Mwaka wa 1884 Bwana Ernst Koken wa Ujerumani alitangaza kazi yake juu ya mawe ya masikio yaliyotoka katika tabaka za kale za nchi yake, akawatambua kwayo samaki ambao hakuna aliyewaona wakiwa hai. Mwaka wa 1899 Bwana Reibisch, Mjerumani mwingine, alionyesha ya kwamba pete zilizomo katika jiwe zaweza kuhesabiwa, zikatoa umri wa samaki kwa miaka, kama tuhesabuvyo pete za mti uliokatwa. Tena mwaka wa 1971 Bwana Giorgio Pannella alionyesha pete nyembamba zaidi, ambazo kila moja ni kazi ya siku moja.

Sasa na turudi kwa dagaa wetu. Mwaka wa 1820 Bwana Ernst Heinrich Weber, ambaye naye alikuwa Mjerumani, alichapisha kitabu juu ya masikio ya watu na wanyama. Katika kupasua samaki aliona jambo la ajabu. Samaki wa jamii fulani wana mnyororo wa vifupa vidogo kila upande, uliofanyika kutoka katika pingili za kwanza za uti wa mgongo. Mnyororo huo huanzia kwenye kibofu cha hewa kilichomo tumboni, ukafika kwenye sikio. Sauti inapotikisa maji, kibofu hutikisika. Vifupa huchukua mtikisiko huo na kuufikisha sikioni, kama matarishi wapokezanao barua njiani. Bwana Weber alivifananisha na vile vifupa vitatu vilivyomo katika sikio la mwanadamu, hata akavipa majina yale yale. Siku hizi twajua ya kuwa vilitokea kwa njia nyingine kabisa, lakini jina la Weber limebaki juu yake mpaka leo.

Dagaa wa Mwanza anao mnyororo huo. Jina lake la kitaalamu ni Rastrineobola argentea, na kwa mnyororo huo ajulikana ya kuwa ni wa nyumba moja na ningu, na kwa mbali zaidi ni wa nyumba moja na kambale, ijapokuwa kambale ni mkubwa, hana magamba, na ana sharubu. Ukimwangalia kwa nje tu, hungemweka karibu na kambale hata siku moja.

Dagaa wa Kigoma hana mnyororo huo. Hao wa Kigoma ni wa namna mbili, Stolothrissa tanganicae na Limnothrissa miodon, nao husikia kwa njia nyingine. Kutoka katika kibofu chao cha hewa hutoka mirija miwili myembamba, ikaingia ndani ya fuvu lenyewe, ikaishia katika vibuyu vidogo vya mfupa vilivyojaa hewa, karibu kabisa na sikio. Hiyo ndiyo alama ya ukoo mkubwa wa samaki wa baharini, ambamo wamo simu, na dagaa wa pwani wauzwao Unguja na Dar es Salaam. Basi dagaa wa Kigoma, akaaye katika maji matamu mbali na pwani, ni ndugu wa dagaa wa Unguja; na dagaa wa Mwanza ni mgeni kwa wote wawili. Hata mawe ya masikio yao yakubali hivyo. Kwa dagaa wa Kigoma jiwe kubwa ni lile la kifuko cha kati, nalo ni bapa. Kwa dagaa wa Mwanza jiwe hilo la kati ni jembamba kama sindano, na ukubwa umehamia kwa jiwe jingine.

Mtu aweza kuuliza: Kuna faida gani kujua haya, iwapo wote hupikwa katika chungu kimoja? Twajibu ya kwamba samaki wa koo mbili hawazaliani kwa desturi moja, wala hawana adui mmoja, wala haiwezekani sheria ya uvuvi iliyofaa ziwa moja kunakiliwa tu kwa ziwa la pili kwa sababu jina la samaki ni lile lile. Tena kwa mwenye kupenda historia iko faida nyingine. Ukijua ya kuwa dagaa wa Kigoma ana ndugu baharini, mara waanza kuuliza alifikaje ziwani. Wenye elimu waliochunguza damu na nyama yao walitangaza mwaka wa 2008 ya kuwa ndugu zao wa karibu wako katika mito ya Afrika ya Magharibi, na ya kuwa wazee wao waliingia bara kutoka baharini mamilioni ya miaka iliyopita. Swali hilo lisingeulizwa kama tungaliridhika na jina.

Mfano wa pili ni mikunga wa mtoni, wale samaki warefu wenye umbo la nyoka. Katika mito ya Tanzania imwagayo maji yake katika Bahari ya Hindi, kama vile Pangani, Wami, Ruvu na Rufiji, wako mikunga wa namna nne wa jamii moja iitwayo Anguilla. Wawili wana madoadoa, na wawili hawana. Hao wasio na madoa hutengwa kwa pezi la mgongoni, maana mmoja pezi lake huanza mbele sana, na wa pili huanzia karibu na usawa wa tundu la haja. Wenye madoa huwasumbua watu zaidi, hata yabidi kutazama meno na kuhesabu pingili za uti wa mgongo. Na mikunga wachanga, waingiao mtoni wakiwa weupe kama kioo, hawana doa lo lote.

Hapo ndipo jiwe la sikio huleta habari ambazo ngozi haiwezi kuzileta. Mkunga wa mtoni huzaliwa baharini, huja kukua katika maji matamu, kisha hurudi baharini kuzaa na kufa. Zamani Aristotle alidhani ya kuwa mikunga hutoka katika matope, kwa kuwa hakuna aliyepata kuona mayai yao. Bwana Johannes Schmidt wa Denmark aliwatafuta watoto wa mkunga wa Ulaya baharini kuanzia mwaka wa 1904, akazidi kuwafuata kila walipokuwa wadogo zaidi, hata mwaka wa 1922 akaweza kutangaza ya kuwa huzaliwa katika Bahari ya Sargasso, ng'ambo ya Atlantiki. Kwa mikunga wetu wa Bahari ya Hindi hakuhitajiwa miaka mingi hivyo ya kukokota nyavu. Mwaka wa 2008 mabingwa walitangaza habari za mikunga wachanga waliofika Madagaska na visiwa vya jirani. Walikuwa wamepasua mawe ya masikio yao, wakahesabu pete za siku. Na kwa hesabu ya siku za safari na mwendo wa mikondo ya bahari, wakaonyesha ya kuwa yamkini huzaliwa upande wa mashariki wa Madagaska. Tena jiwe hilo huweka ndani yake kiasi cha madini yaitwayo stronti, ambayo ni mengi katika maji ya bahari na ni machache katika maji ya mito mingi. Kwa hiyo mwenye kulipima toka kitovuni hata ukingoni husoma kama samaki alikaa baharini au mtoni, na kwa muda gani.

Habari hizi zatuhusu sisi wa Singida, maana mkoa wetu umekaa juu ya mgawanyiko wa maji. Mvua inyeshayo upande wa kusini, katika nchi ya Manyoni, huingia mto Kizigo, ikaenda Ruaha Mkuu, kisha Rufiji, hata baharini. Lakini maji ya upande wa kaskazini huenda Wembere na ziwa Kitangiri, kuelekea bonde la ziwa Eyasi, ambako hakuna njia ya kutokea. Na maziwa ya mjini kwetu, Singidani na Kindai, ni ya chumvi, nayo yamefungwa pande zote. Mkunga ni lazima azaliwe baharini. Basi maji yasiyofika baharini hayawezi kuwa makao yake ya asili. Kwa hiyo mtu akikuletea samaki mrefu wa ziwa Kitangiri na kusema ni mkunga, una haki ya kutaka kumwona fuvu lake kwanza.

Tumefika sasa kwenye mawe ya Mahenge. Msomaji asichanganye na Mahenge ile ya Morogoro iliyo maarufu kwa habari za vita vya Majimaji. Mahenge tusemayo iko upande wa magharibi wa mji wa Singida. Mahali hapo zamani sana moto wa chini ya ardhi ulipasuka, ukatoboa shimo, na shimo likajaa maji, likawa ziwa dogo. Mwamba uliotoka katika shimo kama hilo huitwa kimberliti, nao ndio mwamba ambao huweza kubeba almasi. Ndiyo sababu watafutaji wa almasi walipita Singida, baada ya Bwana Williamson kuigundua almasi ya Mwadui mwaka wa 1940. Miongoni mwa waliopima miamba hiyo ni Bwana G. W. Mannard, aliyeandika kazi yake juu ya kimberliti ya Singida mwaka wa 1962. Walitafuta almasi, na wakaonekana samaki.

Matope laini yaliyotulia chini ya ziwa hilo yaligeuka kuwa mawe yapasukayo kwa tabaka nyembamba, kama kurasa za kitabu. Katikati ya kurasa hizo wamelala samaki, vyura, na majani ya miti, wamegandamizwa na kugeuka mawe. Vitu kama hivyo huitwa visukuku. Umri wa ziwa ulipatikana kwa kupima punje za madini ya zirkoni, ambamo urani hugeuka kuwa risasi kwa mwendo usiobadilika. Hesabu iliyotangazwa mwaka wa 2001 yatoa karibu miaka milioni 46. Kabla ya hesabu hiyo ilidhaniwa ya kuwa mawe hayo ni ya zama za karibu zaidi.

Mtu wa kwanza kueleza kwa urefu samaki wa mawe hayo alikuwa Bwana Humphry Greenwood. Alikuwa amefanya kazi huko Jinja, Uganda, akichunguza samaki wa Ziwa Viktoria, kisha akahamia Makumbusho ya Uingereza, London. Mwaka wa 1959 Bwana Clausen alikuwa ametangaza samaki mdogo wa ajabu wa mito ya Nigeria, ambaye kichwa chake chote kimeota vimeno vidogo, hata akaitwa Denticeps, yaani mwenye kichwa cha meno. Mwaka uliofuata, 1960, Bwana Greenwood alitangaza ya kuwa samaki wa mawe ya Singida ni wa ukoo huo huo, akamwita Palaeodenticeps tanganikae. Denticeps aliye hai alipochunguzwa mifupa yake, ilionekana ya kuwa ana ile mirija ya hewa iingiayo ndani ya fuvu mpaka sikioni. Kwa alama hiyo yeye ni wa mlango wa simu na dagaa wa Kigoma, tena ni tawi lililojitenga mapema kuliko yote. Na kwa kuwa samaki wa Mahenge ni wa ukoo wake, twaweza kusema bila kutia chumvi ya kwamba katika mwamba wa Singida amelala mzee wa nyumba ya dagaa. Ndugu yake wa pekee aliye hai yuko Afrika ya Magharibi, ng'ambo ya bara.

Mwaka wa 1967 Bwana Greenwood pamoja na Bwana Colin Patterson walitangaza samaki wa pili. Huyu walimpa jina la mahali petu: Singida jacksonoides. Ni wa kundi la kale sana la samaki ambao ulimi wao una meno ya mfupa. Wenzao walio hai ni arapaima wa mto Amazon, na wengine wa Asia na Australia, na hapa kwetu ndugu zao wa mbali ni akina domodomo wa Ziwa Viktoria. Domodomo naye ana habari ya sikio lake: alipokuwa mchanga kibofu chake cha hewa kilitoa kipande kidogo, kipande hicho kikakatika, kikabaki ndani ya fuvu kama kiputo kilichoshikamana na sikio. Basi tazama, msomaji: kibofu cha hewa kimefika sikioni kwa njia tatu, kwa mnyororo wa vifupa, kwa mirija, na kwa kiputo kilichokatika, na kila njia ni hati ya ukoo wake.

Watu walirudi Mahenge katika miaka ya 1990, wakiongozwa na Bwana Terry Harrison, pamoja na wenzao Watanzania, kati yao Bwana Charles Msuya. Kutokana na kazi hiyo Bibi Alison Murray alitangaza mwaka wa 2000 samaki wa ukoo wa perege na sato, akawaita Mahengechromis, yaani perege wa Mahenge. Aliwagawa katika namna tano, na zote zilikaa katika ziwa lile moja dogo. Hao ni wa kale kuliko perege wote waliokwisha kupatikana katika Afrika, na ni miongoni mwa wa kale kabisa duniani.

Perege hao wameingizwa katika shauri kubwa. Ukoo wa perege wakaa Afrika, Madagaska, kusini mwa Bara Hindi, na Amerika. Wengine wasema ya kuwa walikuwako tangu nchi hizo zilipokuwa zimeshikana pamoja katika bara moja liitwalo Gondwana, nasi twajua ya kuwa Afrika na Amerika ya Kusini ziliachana kiasi cha miaka milioni 100 iliyopita. Wengine wasema ya kuwa ukoo huu ni mchanga kuliko hapo, na ya kuwa wazee wake walivuka bahari. Bwana Matt Friedman na wenzake, mwaka wa 2013, walikadiria ya kuwa ukoo ulianza kati ya miaka milioni 65 na milioni 57 iliyopita. Mwenye kufanya hesabu kama hiyo hana budi kutia ndani yake perege wa Mahenge, maana visukuku vya umri uliopimwa sawasawa si vingi. Ndivyo shauri la bahari na mabara lilivyokuja kutegemea, kwa sehemu, mawe membamba ya Singida.

Jambo moja tena la sikio limetoka Mahenge, ingawa si la samaki. Mwaka wa 2003 alitangazwa popo wa mawe hayo, akaitwa Tanzanycteris mannardi, kwa heshima ya nchi yetu na ya yule Bwana Mannard. Alipopigwa picha ya eksirei ilionekana ya kuwa konokono la sikio lake la ndani ni kubwa, kama walivyo popo wa leo wawindao gizani kwa mwangwi wa sauti zao. Hivyo twajua ya kuwa juu ya ziwa hilo, miaka milioni 46 iliyopita, kulikuwa na popo aliyejua kusikiliza gizani. Kisukuku chake kimeandikwa katika daftari la Makumbusho ya Taifa ya Tanzania.

Yatupasa kusema jambo jingine ili tusizidishe. Mara nyingi sikio la samaki aliyelala katika mwamba halionekani, maana fuvu limebonyezwa likawa jembamba kama karatasi. Hapo mabingwa hushika alama nyingine: meno, magamba, miiba ya mapezi, mifupa ya mkia. Palaeodenticeps alijulikana kwa vimeno vyake, kisha vimeno vikamwunga na ndugu yake aliye hai, na ndugu huyo ndiye aliyetuonyesha sikio. Shahidi mmoja huitwa na mwenzake. Ndivyo na sisi tufanyavyo katika historia ya watu: tusipoipata habari kwa mzee mwenyewe, twamtafuta aliye wa ukoo wake, tukapima neno lake kwa vitu vilivyobaki.

Wahenga walisema, penye miti hapana wajenzi. Jina la Singida husomwa katika vitabu vya elimu ya samaki katika nchi za mbali, lakini ukiingia katika madarasa yetu na kuuliza Singida ni nini, utaambiwa ni mkoa wa alizeti, vitunguu na kuku. Hayo ni kweli na ni ya sifa. Lakini mtoto wa Singida asiyejua kwamba mwamba wa kwao wamshuhudia mzee wa dagaa na perege wa kale wa Afrika, amenyimwa urithi wake. Tena iko hatari nyingine. Jiwe lipasukalo vizuri kwa tabaka hutamaniwa na mjenzi, na mtu asiyejua thamani ya mchoro wa samaki atalitia katika msingi wa nyumba au kumwuzia mpita njia. Jiwe likiisha kuondolewa bila kuandikwa limetoka mahali gani na tabaka gani, huwa pambo tu. Ushahidi wake umekufa. Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 yavilinda vitu vya namna hii, ila sheria haina macho. Macho ni ya watu wakaao mahali.

Basi twawasihi walimu wenzetu mambo mawili. La kwanza halina gharama. Chukueni kichwa cha perege aliyechemshwa, mkifungue fuvu kwa kisu polepole kutoka juu, na nyuma ya macho, chini ya ubongo, mtaona mawe meupe yaliyo bapa, yenye mfereji upande mmoja. Wenye elimu wameona ya kuwa jiwe hilo lina alama iwatambulishayo samaki wa ukoo wa perege. Kisha fungueni kichwa cha kambale. Mtakuta jiwe kubwa la mviringo mahali pengine. Yaosheni, yakausheni, yapangeni juu ya karatasi nyeusi, na kila moja liandikwe jina la samaki, mahali alipovuliwa na tarehe. Mwanafunzi atakayeyatazama hatadanganyika tena upesi kwa ngozi na jina.

La pili ni hili. Katika ramani ya mkoa iliyotundikwa ukutani, tieni alama ya Mahenge, magharibi ya mji, na kando yake andikeni: Ziwa la kale, miaka milioni 46. Kisha waambieni watoto ya kwamba mtu akiona umbo la samaki au jani katika jiwe, asilipasue zaidi wala asilibebe, bali aangalie vema mahali lilipo, akatoe habari kwa mwalimu au kwa ofisi ya serikali iliyo karibu. Kwa njia hiyo mawe yaliyobaki yatasomwa yakiwa mahali pake, na huenda atakayeyasoma akawa mmoja wa hao tunaowafundisha leo.